Maharage Yaliyolala Kwenye Nyasi

Mpishi alikuwa ananusa kuni kabla ya kuzipokea. Lori likishasimama nyuma ya jiko la shule, sisi utingo tukiwa bado juu tunafungua kamba, yeye anakuja taratibu akijifuta mikono kwenye kitenge, anachomoa gogo moja katikati ya rundo, si la juu wala la pembeni, analipeleka puani kama mtu anayekagua samaki. Kisha anatoa hukumu.

"Huu umekatwa juzi. Bado unalia. Rudisheni."

Dereva anaapa kwamba mti ule ulianguka wenyewe tangu mwaka jana.

"Basi ulianguka ukiwa mzima," anasema Mpishi, "kama wewe ulivyoanguka jana kilabuni."

Tulicheka mpaka kamba zikatuponyoka. Nimefanya kazi nyingi katika maisha yangu, na sikukaa sana katika hata moja, lakini kazi ya kupeleka kuni kwenye ile shule ya bweni upande wa Kaengesa niliishikilia miaka mingi kuliko zote, na sababu ni yule mama. Nilitaka kila safari kusikia atasema nini.

Alikozaliwa sikujua, wala sikuuliza ukoo wake. Wanafunzi walimwita Mama Mpishi, walimu walimwita Mpishi, na yeye akijitaja alisema "mimi wa jikoni". Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ambayo ungeweza kudhani ameazima kwa mtu mwingine aliye mkubwa zaidi. Akisonga ugali wa shule nzima alipanda juu ya jiwe, akashika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na wasaidizi wake wawili, kina dada wa kijiji cha jirani, walijua wakati huo hakuna kumsemesha.

Kuhusu kuni alijua kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye. Mimi nilidhani ukuni ni ukuni. Yeye alinifundisha. Mkaratusi, alisema, ni kijana aliyeoa jana: moto mkubwa, kelele nyingi, halafu kimya. Msuku ni mtu mzima, anawaka polepole na makaa yake yana adabu. Mninga hakupikia kabisa. "Huo ni wa kitanda na jeneza," alisema. "Ukipikia mninga umepikia usingizi wako." Siku moja tulimletea shehena yenye magogo mawili ya mninga ndani, akayatoa, akayaweka stoo, na baada ya mwezi nikaona fundi ametengeneza benchi la bwalo.

Lakini jambo lake kubwa, ambalo habari hii yote inasimama juu yake, lilikuwa kulaza maharage.

Huku Ufipa moto hauzimwi jioni. Baridi ya Juni na Julai inaingia mpaka ndani ya mifupa, kwa hiyo makaa yanafunikwa majivu, na asubuhi unafukua na kupuliza. Watu wetu wengi wanaweka maharage juu ya makaa yale yaliyofunikwa, wanakwenda kulala, na wakiamka maharage yameiva, laini, yametoa mchuzi mzito kama maziwa. Mpishi alifanya hivyo kwa sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea. Baada ya chakula cha jioni alichagua magogo manene ya msuku, akayaacha yageuke makaa, akayazika kwenye majivu, akaweka sufuria, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko, na akasema, "Laleni." Kila siku. Aliyaambia maharage kama anavyowaambia watoto. Alfajiri aliondoa jiwe, akachukua harage moja, akaliminya kwa kidole gumba. Likikubali, alicheka peke yake.

"Maharage ya kuchemsha mchana ni ya watu wenye haraka," alikuwa akisema. "Yanaiva ngozi, moyo unabaki mbichi."

Usifikiri alikuwa mtu wa kukata miti tu. Pembeni mwa uwanja wa shule kuna safu ndefu za miti ambayo aliipanda mwenyewe, mche kwa mche, kutoka kwenye kitalu alichokitunza nyuma ya jiko ndani ya pakiti za maziwa zilizotupwa. Alimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua wakati miti ile haitafaa kuni mpaka sisi sote tumezeeka.

"Anayekula asipande ni panya," akanijibu, na akaendelea kuosha sufuria.

Na nyumbani kwake, nyumba ya bati umbali wa kutembea dakika chache kutoka shuleni, juu ya paa kulikuwa na sola. Paneli ndogo, ukubwa wa sinia la pilau. Iliwasha taa mbili na redio, na majirani walileta simu zao kuchaji, zikapangwa mezani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Paneli ile aliifuta kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake. Akisikia wingu linasemwa kwenye redio, alitoka nje kuangalia. Mtu akimsifia, alivimba kwa furaha: "Hii ni mali ya juu! Haina moshi, haina mtu wa kunidai!"

Basi nikamwambia, "Mama, kama unapenda hivi vitu vya kisasa, si upikie gesi?"

Akanitazama kama nimemtukana.

"Jua naliona likichomoza. Hiyo gesi yenu nani kaiona? Moto usio na moshi ni mgeni asiyebisha hodi. Unashtukia yuko chumbani."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alipanda miti na kula miti, alipenda jua na kuogopa gesi, na mambo hayo hayakugombana ndani yake hata kidogo.

Siku moja shule ilipata ugeni. Bwana mazingira alikuja kutoka mjini Sumbawanga, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akawakusanya wanafunzi, walimu na wafanyakazi bwaloni, akatuonyesha picha ukutani. Milima ya barafu inayeyuka. Bahari inapanda. Nilisimama mlangoni na mavumbi yangu, macho yamenitoka, maana vitu kama hivyo ndivyo ninavyovipenda. Mpishi alikaa mbele kabisa, mikono juu ya magoti. Alipoona barafu imekatika na kuanguka majini, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo barafu ni ya nani?"

Bwalo zima likapasuka kwa kicheko. Kijana akacheka pia, akasema ni ya dunia yote.

"Mimi sina hata kipande," Mpishi akasema. "Ningekuelewa kama ungeleta picha ya shamba la maharage. Zamani tukisikia ngurumo ya kwanza, tunajua zimebaki siku za kuhesabika, tunapanda. Sasa inanguruma, tunapanda, halafu inaondoka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ikirudi inakuja na hasira, inabeba mbegu na tuta. Na maharage yakiota yanapata ukungu ambao mama yangu hakuwahi kuuona. Na baridi nayo, mwaka mwingine inakuja, mwingine haiji. Hayo ndiyo nataka uniambie."

Yule kijana aliruka kwa furaha, akakaribia kudondosha mashine yake ya picha. "Mama! Hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe!"

"Hapana," Mpishi akasema kwa upole. "Hayo ni mvua. Mabadiliko ni hayo ya kwenye picha yako."

Nimefikiria sana jibu lile. Nimezunguka mkoa huu wote, kutoka ziwani Wampembe mpaka bondeni, na kila mahali nimekuta watu wanaona kila kitu na hawataki jina lake. Wavuvi wanakwambia dagaa wamehama, halafu wanakwambia mambo ya hali ya hewa ni ya wazungu. Pale Chanji, mjini, kwenye kibaraza cha fundi baiskeli, nimesikia mjadala mkali kuliko bungeni: huyu anasema mvua imeharibiwa na wachoma mkaa, mchoma mkaa anasema ni wafugaji, mfugaji anasema ni watu wa mjini wanaonunua mkaa, na mtu wa mjini anasema ni mapenzi ya Mungu, na wote wanafungua baiskeli zao na kuondoka.

Mpishi hakuingia kwenye ugomvi huo, ila kwa utani. Alikuwa na jirani Msukuma, mzee aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma, ambaye alileta maziwa shuleni asubuhi.

"Shikamoo mnywa mvua!" Mpishi alimwita kutoka mbali. "Ng'ombe wako wamekunywa mawingu yote!"

"Marahaba mla misitu," mzee akajibu. "Hata kama yangebaki, wewe ungeyapika!"

Kisha Mpishi anamjazia ukoko wa ugali kwenye kopo lake tupu, na mzee anaondoka akitafuna.

Kuna jambo moja tu ambalo hakulifanyia utani, nalo ni macho yake. Yalikuwa mekundu wakati wote, yanachuruzika. Alikohoa asubuhi kikohozi cha mtu anayevuta sigara, na hakuwahi kuvuta. Nesi mmoja wa mjini alimwambia ni moshi. Yeye akasema ni vitunguu. Nilikuja kugundua kitu nilipokuwa namsaidia kuchambua maharage: hakuwa anayatazama. Alikuwa anayapitisha kwenye vidole, anatafuta mawe kwa kugusa, huku ameangalia ukuta. Nikaendelea kuchambua. Naye alijua kwamba nimejua, akaniongezea chai.

Halafu likaja agizo. Mtakuwa mmelisikia hata ninyi: taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, zitumie nishati safi ya kupikia. Redio ya Mpishi yenyewe, ile inayokula jua lake, ndiyo iliyomletea habari. Alizima. Baada ya muda mafundi wakaja, wakafunga majiko makubwa ya chuma, wakapitisha bomba kutoka kwenye mitungi iliyosimama nje ndani ya kibanda cha wavu. Mafiga ya zamani, yale mawe yaliyokuwa meusi kama usiku, yakavunjwa.

Mkuu wa shule aliniita mimi na dereva, akatuambia safari zetu zimekwisha. Kisha akamwambia Mpishi mbele yetu, kwa heshima kabisa, maneno ambayo yalimgusa kuliko tusi:

"Mama Mpishi, umetulisha vizuri. Nataka ubaki. Ila jiko ndilo hilo. Chakula kikichelewa, kikaharibika, nitalazimika kuleta mpishi mwingine mjini. Yupo kijana ana cheti cha kupikia gesi."

"Cheti," Mpishi akasema. Akaenda ndani.

Ugali aliumudu siku ya kwanza. Uji pia. Alikubali hata kukiri kwamba moto wa gesi unatii, ukiuambia shuka unashuka. Wasaidizi wake walifurahi, maana hawakuwa wanatoka tena na masizi mpaka kwenye nyusi. Lakini jioni ilipofika, akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea kufanya maisha yote. Alichota maharage, akaweka sufuria mbili kubwa kwenye jiko, akashusha moto mpaka mdogo kabisa, akaweka jiwe juu ya kila kifuniko, akasema, "Laleni," akaenda nyumbani.

Aliyalaza kwenye gesi!

Asubuhi yalikuwa yameiva vizuri mno. Akafurahi. Akarudia jioni ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyemwambia kwamba makaa yanakula kilichokwisha kuungua, lakini gesi inakula hata ukiwa umelala. Siku ya nne alfajiri alifungua jiko, likatoa pumzi ndogo, likanyamaza. Mitungi ambayo ilitegemewa ifike mbali sana katika muhula ilikuwa mitupu. Na siku hiyo kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio. Waliingia mtihanini bila uji.

Habari hiyo ilitufikia mimi na dereva tukiwa mjini tunatafuta mzigo mwingine. Dereva akafurahi, mimi nasema ukweli. "Sasa watatuhitaji!" Akapakia shehena ya msuku mkavu, kuni bora kuliko zote tulizowahi kupeleka, tukaenda kwa njia ya nyuma, tukasimama karibu na kitalu. Mkuu wa shule alikuwa amekwenda mjini kuomba mitungi mingine. Mpishi alikuwa peke yake amekaa kwenye ngazi ya jiko.

"Shikamoo mama," dereva akasema. "Tumekuletea. Tunashusha haraka, unapikia kule nyuma ya ukuta, hakuna atakayeona."

"Marahaba."

Akaja. Akachomoa gogo katikati ya rundo. Akalinusa. Akalinusa kwa muda mrefu kuliko siku zote, na mimi niliona kifua chake kikipanda na kushuka.

"Hizi ni nzuri," akasema. "Hata moja haina kasoro. Rudisheni."

"Mama! Watakufukuza!"

"Nikipokea hizi nitapika kwa kujificha. Sijawahi kupika kwa kujificha. Mtu anayejificha na sufuria, watu wanadhani ameweka nini ndani?"

Dereva akaondoka akinung'unika. Mimi nikashuka kwenye lori. Sijui kwa nini; miguu yangu ndivyo ilivyo. Nikamwuliza atafanya nini. Mitungi mipya ilitarajiwa kesho yake, lakini mkuu wa shule alikuwa ameshasema: ikiisha tena kabla ya likizo fupi, kijana wa cheti anakuja. Na maharage ya shule nzima, ukiyachemsha kwa gesi kutoka mwanzo mpaka mwisho, saa baada ya saa, hiyo mitungi haiwezi kufika. Hilo alikuwa amelipigia hesabu mwenyewe.

"Leo sijui," akasema. "Twende shambani. Jikoni hakuna moto, wanafunzi wamenunuliwa mikate, nitakaa kufanya nini?"

Ilikuwa miezi ile ambayo mvua zinakaribia kwisha na watu wanaandaa ntumba. Kama wewe si wa huku, ntumba ni tuta la duara, kama kichuguu. Unakata nyasi, unazirundika, unazifunika kwa udongo uliogeuzwa, na zinabaki mle zinaoza mpaka msimu ujao, ndipo unalisambaza tuta na kupanda. Ni mbolea yetu ya tangu mababu. Tulilima kwa muda. Baadaye akaenda kwenye ntumba alilolitengeneza wiki chache nyuma, akalifukua kidogo aone nyasi zimefikia wapi. Akaingiza mkono. Akatulia hapo hapo, ameinama, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko.

"Njoo," akaniambia. "Weka mkono."

Nikaweka. Mle ndani kulikuwa na vuguvugu! Nje upepo ulikuwa unakata masikio, na mle ndani kulikuwa kama chini ya blanketi ambalo mtu ametoka kuamka.

"Nyasi hazikubali baridi iingie," Mpishi akasema polepole, "wala joto litoke." Kisha akanyanyuka ghafla, akafuta udongo kwenye kitenge, akaanza kutembea. Nilimfuata mbio. Sikuwahi kumwona akitembea vile. Alikuwa anaongea peke yake, anaongea na maharage, anaongea na mimi. "Hawahitaji moto! Miaka yote nilidhani wanahitaji moto! Wanahitaji tu wasipoe! Makaa kazi yake ilikuwa hiyo! Wasipoe!"

Tulichimba shimo nyuma ya jiko siku hiyo hiyo, mimi na jembe, yeye na maelekezo. Mitungi mipya ilipofika kesho yake, akachemsha sufuria moja kwa nguvu, maji yakaruka vizuri kwa muda wa kutosha, akazima. Tukaibeba watu wanne kwa mti, tukaitia shimoni juu ya nyasi, tukajaza nyasi pembeni, tukafunika kwa nyasi juu, kisha gunia, kisha udongo. Likawa ntumba kamili. Akaweka jiwe lake juu. Wasaidizi wake walikuwa wamejishika mbavu.

"Mama anazika maharage!"

"Laleni," Mpishi akasema, hakuwajali.

Ile ya kwanza iliharibika. Nyasi tulizotumia zilikuwa na umande, joto lote likaishia kwenye maji yake. Asubuhi maharage yalikuwa vuguvugu na magumu, akalazimika kuyamalizia kwenye gesi, na chakula kikachelewa. Mkuu wa shule alikuja mpaka shimoni, akatazama, akatikisa kichwa. Akageuka, akarudi ofisini. Wanafunzi nao walikuwa wameshapata jina. Waliita maharage yale "marehemu". Bwaloni ulisikia: "Mshikaji, leo marehemu wamechelewa kutoka!"

Nilidhani ataacha. Yeye alinituma kwa mzee Msukuma kuomba nyasi kavu za kulishia ndama. Mzee akaleta mwenyewe, mzigo mzima kichwani, akitaka kuona.

"Kwa hiyo sasa unapika na chakula cha ng'ombe wangu?"

"Walikunywa mvua yangu. Walipe."

Tukachimba upya, shimo jembamba zaidi, nyasi kavu zikashindiliwa kila upande mpaka mkono haupiti. Mpishi akaleta blanketi kutoka kitandani kwake, akalifunga juu ya kifuniko kama anayembeba mtoto mgongoni. Asubuhi ile nilifika kabla ya kengele. Mkuu wa shule alikuwa ameshafika. Wasaidizi wapo, mzee wa ng'ombe yupo na kopo lake, wanafunzi wa zamu wamesimama na ndoo. Hakuna aliyecheka. Mpishi akaondoa jiwe. Akaondoa udongo, gunia, nyasi. Akafungua blanketi. Aliponyanyua kifuniko, mvuke ukapanda mweupe kwenye baridi ile, ukapanda juu ya vichwa vyetu, na harufu ikatoka, ile harufu ya maharage yaliyolala!

Akachukua harage moja. Gumba. Likakubali.

"Marehemu wamefufuka!" akapiga kelele mmoja wa wale wa zamu, na hata mkuu wa shule akacheka, mtu ambaye huwa hacheki kabla ya saa nne. Akaomba kijiko. Akala. Akaomba tena.

"Gesi umetumia muda gani?"

"Muda wa kusuka kichwa nusu," Mpishi akasema.

Mitungi ile ilifika mpaka likizo fupi, ikapita. Kijana wa cheti alikuja kweli, lakini alikuja na daftari. Alikaa wiki nzima anajifunza kuchagua nyasi, na Mpishi alimnyanyasa kwa furaha kubwa. "Nusa! Nyasi zinanuswa! Cheti chako hakina pua?"

Mimi niliondoka baada ya hapo. Kuni za shule zilikuwa zimekwisha, na ziwa lilikuwa linaniita. Nilikaa Wampembe nikianika dagaa na kubeba mizigo ya boti, nikaona mengine mengi ambayo si ya hapa. Mwaka huu nikapanda tena juu. Njiani, lori lililonipakia liliposimama kuchimba dawa, nikaona gogo la msuku limelala kando ya barabara. Mkono wangu ukaliokota wenyewe. Nilifika nalo begani pamoja na kifurushi cha migebuka mikavu, samaki wa kule ziwani.

Nyuma ya jiko sasa kuna mashimo manne yaliyojengewa matofali, kila moja na mfuniko wa mbao. Moshi hakuna. Ukuta ambao zamani ulikuwa mweusi umepakwa chokaa. Mpishi alikuwa amekaa chini na ungo wa maharage magotini, anachambua, na nilisimama kidogo kabla sijamsalimu kwa sababu nilikuwa nimeona jambo: alikuwa anautazama ungo. Akachukua kijiwe kimoja kidogo kwa ncha ya vidole, akakitupa, kikanipiga kwenye goti.

"Nimekuona tangu pale kwenye miti," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Ziwani hawali?"

Nikampa migebuka. Nikamwuliza habari za macho, akasema hayalii tena, isipokuwa akikata vitunguu, na safari hii ni vitunguu kweli. Kikohozi kimebaki kidogo. Nikaona huu ndio wakati wangu wa kumshinda, baada ya miaka yote ile.

"Kwa hiyo mama, sasa umekubali yale ya bwana mazingira? Kwamba hali ya hewa inabadilika, kwamba kuni zetu zina mkono ndani yake?"

Akaendelea kuchambua.

"Yeye alikuja hapa juzi na wageni wake kuangalia mashimo. Akasema nimeokoa msitu. Nikamwambia mimi niliokoa kazi yangu, halafu macho yangu. Msitu kama umepona, nao uje kunishukuru." Akapepeta ungo mara moja. "Mvua mwaka huu imenipandisha mbegu mara mbili. Mara mbili! Mwambie hivyo ukimwona. Jina alitafute yeye."

Kisha akaona gogo begani kwangu. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Wewe! Bado unaniletea kuni?"

"Ni mazoea, mama."

Akanyoosha mikono, ile mikono mikubwa, akalipokea. Akalipeleka puani. Nikasubiri hukumu kama siku zile nikiwa juu ya lori.

"Mkavu kabisa," akasema. "Msuku huu ungelaza maharage vizuri."

Akalisimamisha wima karibu na shimo la kwanza, akalisukuma kulia na kushoto mpaka likatulia, akalikalia. Likamtosha. Kengele ya mchana ikalia huko madarasani, na wanafunzi wakaanza kutoka.

"Sasa fukua," akaniambia. "Nyasi uziweke upande huu, zitatumika tena jioni. Na taratibu, usiwaamshe kwa fujo."